Tulihama Bila Kuaga: Nani Ana Ufunguo wa Jina Lenu?

Ilikuwa saa mbili usiku. Nilikuwa Kayanga kwenye mazoezi ya kufundisha, nimeinamia andalio la somo la kesho yake, simu ikaita. Namba ngeni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akajitaja. Binti wa Murongo, kule mpakani na Uganda, amemaliza kidato cha sita. "Kaka, samahani kwa kukusumbua usiku huu. Nilitaka tu kujua kwa nini mmenikataa."

Nikamwambia sisi hatumkatai mtu. Akanisomea alichojibiwa kwenye barua pepe: Kiingereza cha mashine, mistari mingi, na katikati maneno kwamba mtu aliyemwandikia hayupo kwenye anwani hiyo. Yeye alichoelewa ni kwamba umoja wetu haumtaki.

Naomba nieleze umoja wenyewe. Sisi wanafunzi wa vyuo tunaotoka Karagwe na Kyerwa tuna kikundi chetu, na kikundi kina tovuti ndogo. Kazi yake kubwa ni moja: kila mwaka dirisha la mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, wadogo zetu wanatutumia nyaraka zao kwa barua pepe tuzikague kabla hawajaziwasilisha Bodi ya Mikopo. Cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA? Jina la kwenye cheti cha kidato cha nne linafanana na la kwenye cheti cha kuzaliwa? Fomu ya mdhamini imesainiwa? Kosa dogo hapo linaweza kumwacha mtu bila mkopo, na bila mkopo wengi wetu chuo tungekisikia redioni tu.

Yule binti alipanda bodaboda kutoka Murongo hadi Nkwenda, kwenye stesheneri yenye mashine ya kuskani. Akalipa, akatuma, ikarudi. Akafikiri amekosea herufi. Baada ya siku mbili akapanda tena, akalipa tena, akatuma tena, ikarudi tena. Ndipo akatafuta namba yangu kwa binamu yake.

Kiukweli, wanachuo wenzangu, aliyemkataa ni mimi. Sikumkataa kwa mdomo. Nilimkataa siku nilipohamisha tovuti yetu kutoka kampuni moja kwenda nyingine, nikajisifu kwenye grupu la WhatsApp kwamba kazi imekwisha, nikalala. Naandika makala hii kwa sababu naamini vikundi vingi hapa chuoni viko hatua moja nyuma ya kosa langu, na havijui.

Jina si nyumba

Tuanze na jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Jina la tovuti, ambalo wataalamu wanaliita kikoa na sisi mtaani tunaliita domeni, si tovuti yenyewe. Jina ni jina. Tovuti ni mafaili yaliyokaa kwenye kompyuta ya mtu fulani mahali fulani, na kompyuta hiyo inatambulika kwa namba. Kati ya jina na namba kuna mfumo unaoitwa DNS, ambao kazi yake ni kujibu swali: huyu anayeitwa hivi anakaa wapi?

Zamani, mtandao ulipokuwa mdogo, orodha ya majina yote ilikuwa faili moja tu lililotunzwa kwenye taasisi moja kule California, na kila kompyuta ililichukua na kulisoma. Majina yakaongezeka, orodha ikashindikana. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu wa kugawana kazi: hakuna anayejua majina yote, ila kila ngazi inajua ni nani wa kumuuliza anayefuata. Ni kama mgeni anayetafuta nyumba ya mzee fulani Kyerwa. Akifika Omurushaka anaambiwa shika barabara ya Nkwenda. Nkwenda anaambiwa nenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti ndiye anayemwonyesha mlango.

Huyo mwenyekiti, kwenye DNS, anaitwa seva ya majina. Yeye ndiye ana daftari la jina lenu, na daftari lina mistari mingi. Kuna mstari unaosema tovuti iko wapi. Upo mwingine, unaitwa MX, unaosema barua pepe zipelekwe wapi. Upo mwingine unaotaja nani anaruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu. Mistari hii haitegemeani. Tovuti inaweza kukaa kwa kampuni moja na barua pepe kwa kampuni nyingine kabisa, na mgeni asijue.

Sisi tulikuwa hivyo hivyo. Tovuti ilikuwa kwa kampuni iliyotuuzia huduma miaka minne iliyopita, na daftari la majina lilikuwa kwao pia. Barua pepe zilikuwa kwenye huduma ya tatu. Bei ilipopanda na tovuti ikawa inafunguka kwa kusuasua, tukachanga, tukapata kampuni nyingine ya bei nafuu. Nikahamisha mafaili. Kisha nikabadilisha seva za majina, maana yake nikauambia ulimwengu kuwa mwenyekiti wa kijiji ni mwingine sasa. Ila sikunakili daftari la mwenyekiti wa zamani. Mwenyekiti mpya akaanza na daftari jipya, ameandika tovuti tu. Kwenye barua pepe alijaza anachojua yeye, yaani kompyuta yake mwenyewe. Kwa hiyo barua ya binti wa Murongo ilipelekwa kwenye kompyuta mpya, ikagonga, ikaambiwa hapa hakuna mtu wa jina hilo.

Na siku hiyo hiyo nikafunga akaunti ya zamani ili tusidaiwe. Hapo ndipo nilipochoma daftari.

Cheti changu kinasema Karagwe

Sasa kuna jambo lililonichelewesha kugundua kosa. Tovuti kwangu ilifunguka vizuri. Mwenzetu wa Omurushaka akasema kwake haifunguki. Wa Nkwenda akasema asubuhi imekataa, jioni imekubali. Nikawajibu kama tunavyojibu wote: mtandao wenu mbovu, zimeni simu muwashe, nunueni bando.

Walikuwa sahihi. Mimi ndiye sikuelewa.

Mimi ni mtoto wa Nkwenda. Leo Nkwenda iko Wilaya ya Kyerwa, lakini cheti changu cha kuzaliwa kinasema Karagwe, kwa sababu nilipozaliwa Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe. Ziligawanywa mwaka 2012. Nyumba yetu haikusogea hata hatua moja, migomba ni ile ile, ila jibu la swali "mnakaa wilaya gani" lilibadilika. Na kwa miaka mingi baadaye watu waliendelea kutoa jibu la zamani, si kwa ubaya, bali kwa sababu ndilo walilokuwa wamelishika kichwani.

DNS nayo hushika majibu kichwani. Mtu akiuliza jina lenu kupitia mtandao wake wa simu, ile seva ya mtandao wake inakumbuka jibu kwa muda ili isiulize kila dakika. Muda huo umeandikwa kwenye daftari kwa sekunde, unaitwa TTL. Wetu ulikuwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Aliyekuwa ameuliza saa moja kabla sijahamisha aliendelea kupelekwa nyumba ya zamani hadi kesho yake, na nyumba ya zamani nilikuwa nimeshaifunga. Ambaye hakuwa ameuliza alipewa jibu jipya moja kwa moja. Ndiyo maana watu wawili wameketi benchi moja, wana mitandao miwili tofauti, mmoja anaona tovuti na mwingine haioni. Kule Murongo simu wakati mwingine inashika hata mtandao wa Uganda, basi hapo una muulizaji mwingine kabisa mwenye kumbukumbu yake.

Tatizo hilo la tovuti lilijimaliza lenyewe kesho yake. Na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Lilipojimaliza tukapiga makofi, tukadhani kila kitu kimekaa sawa. Barua pepe zilikuwa bado zinarudishwa, na sisi hatukuona chochote, kwa sababu barua iliyorudishwa inamrudia aliyeituma. Kwetu haiachi alama. Sanduku letu lilikuwa kimya na sisi tukafikiri mwaka huu wadogo zetu wameelewa maelekezo mapema.

Siku sita. Sijui ni wangapi waliandika siku hizo sita. Mmoja tu ndiye aliyepiga simu.

Maswali matatu

Aliyenitoa gizani ni mwalimu wa kompyuta wa shule niliyokuwa nafundisha. Nilimfuata asubuhi nikiwa na maelezo marefu. Akanisikiliza, akasema, "Mwalimu, usianze kubahatisha. Uliza kwa mpangilio." Akanipa maswali matatu, nami nawapa nyie.

Swali la kwanza: jina limesajiliwa wapi, na kwa nani? Pale uliposajili ndipo panapoandikwa mwenyekiti wa kijiji ni nani. Kampuni ya kusajili na kampuni ya kuhosti zinaweza kuwa moja au mbili tofauti, na wengi tunazichanganya kwa sababu tulilipia siku moja kwa risiti moja. Ukifunga akaunti ya kuhosti bila kuangalia, unaweza kujikuta unafunga na mlango wa jina.

Swali la pili: mwenyekiti wa sasa ni nani? Fungua kompyuta, ingia pale pa kuandikia amri, andika nslookup -type=ns kisha jina lenu. Inakutajia seva za majina. Kama bado zinatajwa za kampuni uliyoihama, basi hujahama, umebeba vyombo tu.

Swali la tatu: mwenyekiti anajibu nini? Andika nslookup -type=mx kisha jina, uone barua pepe zinaelekezwa wapi. Rudia swali hilo hilo ukimtaja wa kumuuliza: weka 8.8.8.8 mwishoni, ambayo ni seva ya Google, kisha 1.1.1.1, ambayo ni ya Cloudflare. Ukipata majibu yanayotofautiana, ni kumbukumbu za zamani zinazosubiri kuisha, vuta subira. Ukipata jibu moja kila mahali na ni jibu baya, hakuna cha kusubiri. Daftari lenyewe limeandikwa vibaya, lirekebishe.

Letu lilikuwa jibu moja kila mahali. Nilipoteza siku sita nikisubiri kitu ambacho kisingekuja. Kurekebisha kulichukua jioni moja: kuingia kwenye huduma ya barua pepe, kusoma maelekezo yao, kuandika upya ile mistari kwenye daftari jipya, kisha kujitumia barua kutoka anwani tatu tofauti. Nikaongeza na mstari wa kuruhusu utumaji, maana bila huo majibu yetu yangeweza kuishia kwenye taka za watu.

Nikampigia binti wa Murongo. Safari ya tatu ya Nkwenda tulimlipia nauli sisi kwa michango ya grupu. Nyaraka zake zikafika, tukakuta jina la baba limeandikwa tofauti kwenye vyeti viwili, akapata muda wa kushughulikia kabla dirisha halijafungwa. Bila ile simu ya saa mbili usiku asingejua kosa hilo.

Ufunguo uko kwa nani?

Mtu atasema: haya ni mambo ya watu wa TEHAMA, wewe mwalimu yanakuhusu nini? Jibu langu ni kwamba kosa langu halikuwa la kompyuta kwanza. Lilikuwa la uongozi.

Nilipotaka kubadilisha seva za majina nilikuta jina letu, ambalo linaisha na .or.tz kama la taasisi yoyote ya kijamii, limesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mwenyekiti wetu wa zamani. Leo ni mwalimu mkoa mwingine. Ni mtu mwema, hakuiba kitu. Alisajili hivyo kwa sababu siku ile ndiye aliyekuwa na simu yenye bando. Nilimtafuta siku mbili nikisubiri anitumie namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yake. Nikawa najiuliza: angekuwa amebadili laini? Tungekuwa tumegombana naye kwenye uchaguzi? Jina ambalo wadogo zetu wanalijua, lililobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule kadhaa, lilikuwa mfukoni mwa mtu mmoja.

Watanzania tunaelewa thamani ya kubaki na jina unapohama. Tangu tarehe 1 Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba yake. Namba ni yako, kampuni ni ya kupita. Kikoa nacho kiko hivyo hivyo: unaweza kuhama kampuni mara kumi ukabaki na jina lile lile. Lakini ni sharti jina liwe lako kweli. Anayeshika akaunti ya usajili ndiye mwenye kauli.

Wapo wanaosema tuachane na tovuti, grupu la WhatsApp na ukurasa wa Facebook vinatosha. Hoja hii naiheshimu kwa upande wa gharama. Ni bure na kila mtu yumo. Ila kumbukeni tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Kompyuta zao hazikuungua. Kosa la matengenezo lilikata mtandao wao wa ndani, na seva zao za majina zikatoweka kwenye ramani ya intaneti, watu wakawa wanauliza jina na hakuna wa kujibu. Kampuni kubwa vile ilikwama mahali pale pale nilipokwama mimi Kayanga. Tofauti ni kwamba yao walikuwa na uwezo wa kuirudisha wenyewe. Sisi tukikaa kwenye nyumba ya mtu, siku mlango ukifungwa tutasimama nje tukisubiri.

Wapo pia wanaosema, "Tutamlipa fundi." Mlipeni. Fundi anastahili ujira wake. Lakini fundi akishajenga anakabidhi funguo, haondoki nazo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa serikali ya wanafunzi na kwa kila kikundi chenye jina lake mtandaoni.

La kwanza, makabidhiano ya uongozi yasiishie kwenye muhuri na kitabu cha fedha. Iwepo karatasi moja: jina limesajiliwa wapi, kwa barua pepe gani ya kikundi, linaisha lini, nani wawili wenye nenosiri, na nakala ya daftari lote la DNS, mstari kwa mstari. Karatasi hiyo ikae kwenye faili la kikundi na nakala yake ofisi ya umoja. Viongozi wetu wanabadilika kila mwaka, karatasi haihitimu.

La pili, anayehama ahame kwa utaratibu. Nakili daftari kabla ya kugusa chochote. Lijaze lote kwa mwenyekiti mpya kwanza, barua pepe na kila kitu, ndipo ubadilishe seva za majina. Siku moja au mbili kabla, punguza TTL hadi sekunde 300, ili majibu ya zamani yasahaulike ndani ya dakika tano. Nyumba ya zamani iache wazi wiki moja hata kama utaongezewa bili, ili wanaofika huko kwa kumbukumbu za zamani wakute mtu. Na usitangaze "tumemaliza" mpaka mtu wa Murongo, mtu wa Omurushaka na mtu wa Dar es Salaam wametuma barua na ikafika. Haraka haraka haina baraka, na mimi ni shahidi.

Kwetu sisi tunaosomea ualimu kuna neno la ziada. Kesho tutapelekwa shule za Karagwe, Kyerwa, Ngara na kwingine, na mkuu wa shule akisikia umetoka chuo juzi atakukabidhi kompyuta na tovuti ya shule siku ya pili, hata kama somo lako ni Historia. Utakuwa wewe ndiye fundi. Mzazi atakayeuliza nafasi kwa barua pepe hatajua MX ni nini. Atajua tu kwamba shule haikumjibu.

Karatasi ya umoja wetu nimeshaiandika. Ina mistari kumi na moja. Jina letu sasa limesajiliwa kwa barua pepe ya kikundi, na mwenye nenosiri la pili ni mwanachama mpya wa mwaka wa kwanza. Ni yule binti wa Murongo.